Dawa ambayo mashine yetu haiioni

Mwaka ule nilipanda basi la alfajiri pale stendi kuu Mbeya nikiwa na kulaboksi la bluu mkononi. Konda akalipiga jicho akaniuliza, "Dada, samaki hao?" Nikamwambia hapana, viazi. Akasimama kidogo, alafu akamwita dereva, "Oya njoo uone, huyu dada anapeleka viazi Dar kwenye barafu!" Basi zima likacheka na mi nikacheka nao, maana kwa mtu wa Mbeya ile ni kichekesho kweli, viazi vyetu vinaenda Dar na fuso, vimeshindiliwa lumbesa mpaka gunia linaota kichwa, hakuna mtu aliyewahi kuvibembeleza. Vyangu nilikuwa nimevifunga foili kimoja kimoja, kila kimoja kina namba yake, na usiku wake vililala kwenye friji la duka la jirani pamoja na soda. Abiria mmoja akaniuliza kama ni vya rais.

Kutoka Mbeya mpaka Dar ni kilomita mia nane na kitu. Barafu yangu ilianza kuwa maji kabla hatujafika Makambako, Mafinga nikashuka kutafuta nyingine nikakosa, Ipogolo nikapata barafu za ubuyu tu, nikanunua zote alizonazo yule mtoto nikazipanga juu ya sampuli za utafiti wa shahada ya uzamili. Kitonga tukakuta lori limelala, tukakaa. Ruaha Mbuyuni kama kawaida watu wakanunua vitunguu madirishani, na mama niliyekaa naye akanunua viwili vikubwa, akatafuta pa kuweka, akaweka juu ya kulaboksi langu. Nikamwambia mama samahani, hiki ni kitu cha maabara. Akasema, "Mwanangu, vitunguu havina neno." Hivyo vitunguu vikumbuke, nitavirudia.

Watu huniuliza utafiti wa kemia kwenye vyuo vyetu uko katika hali gani, hasa hii kemia ya uchambuzi ambayo sisi darasani tulikuwa tunaiita analitiko tu, ile ya kusema kwenye hiki kitu kuna nini na ni kiasi gani. Jibu langu huwa linaanza na lile basi. Mashine niliyoahidiwa kwenye chuo changu, ambacho sikitaji, ilikuwepo. Ilikuwa nzuri, ina stika ya mfadhili mbele, imefunikwa kitambaa cha mezani chenye maua. Pampu yake ilikufa kabla sijadahiliwa. Fundi anayeruhusiwa kuifungua anatoka nje ya nchi na anadai tiketi ya ndege, hoteli na posho ya siku, na hela hiyo haikuwa kwenye bajeti ya mtu yeyote, mfadhili alishamaliza mradi wake, chuo kilihesabu kwamba mashine kinayo, kwa hiyo kwenye ripoti zote tunayo. Ndo nikabeba viazi.

Nilichokuwa natafuta ni DDT, endosulfani, lindeni na ndugu zao, yaani viuatilifu vya klorini. Kwanini hivyo? Kwa sababu mashine niliyopewa nafasi kule Dar ilikuwa GC, ile inayogeuza sampuli kuwa mvuke ikatenganisha kemikali zake, yenye detekta ya ECD, kifaa alichobuni James Lovelock mwaka 1957, na hicho kifaa klorini hakiiachi, hata chembe ndogo kiasi gani kitainusa tu. Vitu vingi visivyo na klorini wala ndugu zake vinapita mbele yake kama mgeni asiyesalimiwa. Supavaiza wangu alisema chukua viuatilifu vya klorini, njia ipo, standadi zipo, na kuna makala nyingi za kulinganisha nazo. Na ni kweli zipo. Watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, UDSM, wamefanya kazi kubwa kwenye eneo hili, mwaka 2004 Profesa Kishimba na wenzake walichapisha kwenye jarida la Talanta mapitio ya hali ya uchafuzi wa viuatilifu Tanzania, na kazi za Vikuge kule Pwani, ambako shehena ya viuatilifu vilivyopitwa na wakati ilitelekezwa mpaka ikaingia udongoni, mpaka leo ukizisoma unaona watu walipima kitu ambacho kweli kilikuwepo mahali walipokipima. Sisi tuliokuja nyuma tukairithi njia bila kurithi swali.

Matokeo yangu yalikuwa mazuri kwa maana ya thesisi. Sehemu kubwa ya jedwali iliandikwa "haikugundulika", chache zilikuwa na DDT kidogo sana, mabaki ya zamani. Nikatetea, nikapita, nikapiga picha na joho.

Alafu nikafanya kitu ambacho nadhani wengi hatufanyi, sio kwa ubaya, ni nauli tu. Nikarudi kule nilikochukua viazi, juu ya Isyonje kwenye ile barabara ya kwenda Kitulo, baridi inakata masikio mwezi wa saba, nikamtafuta mzee mmoja aliyeniruhusu kuchimba shambani kwake. Shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, umerudi kuchukua vingine? Nikamwambia nimeleta majibu, nikaanza kueleza, DDT hakuna, endosulfani hakuna, kwa ujumla viazi vyenu ni visafi. Akasikiliza mpaka mwisho na mikono yake kwenye koti. Alafu akauliza:

"Na ile ya unga wa njano?"

"Ipi mzee?"

"Ya ukungu. Hii tunayopiga kila wiki mvua zikichanganya. Umeikuta kiasi gani?"

Nikamwambia ile sikuipima. Akauliza kwanini. Nikamwambia ukweli, mashine niliyotumia haiioni. Akaitafuna hiyo kauli kidogo, akasema kwa upole kabisa, bila kejeli, "Kwa hiyo mwanangu umetafuta dawa tusiyopiga, ile tunayopiga hujaitafuta."

Nimekaa na hiyo sentensi miaka mingi sasa na sijapata jibu lake.

Ile dawa ya njano ni mankozebu. Ukungu wa viazi kule juu sio mchezo, wiki moja ya mvua na baridi shamba linakuwa jeusi kama limemwagiwa maji ya moto, kwa hiyo mkulima anapiga, anarudia, mwingine anapima kwa kifuniko, mwingine kwa kopo la nyanya, anasubiri mvua ikatike anapiga tena. Ulaya mwaka 2020 waliamua kutoiongezea kibali, huku kwetu duka la pembejeo lolote unaingia unatoka nayo. Na kwa mtu wa analitiko mankozebu ni mkaidi, haiyeyuki vizuri kwenye maji, haiyeyuki kwenye vimiminika vyetu vya kawaida, ni mnyororo mrefu wa molekuli zilizoshikana na manganizi na zinki kidogo, ukijaribu kuitoa kwenye kiazi inavunjika mkononi. Huwezi kuikamua ukaidunga kwenye GC kama DDT. Inabidi uivunje makusudi, uichemshe na asidi yenye kloridi ya bati, itoe gesi ya kaboni disalfaidi, alafu hiyo gesi ndo uipime. Ni kazi nyingine kabisa. Kwa hiyo dawa inayopigwa sana kwenye mashamba yetu ndo hiyo hiyo inayokwepa njia tulizozoea, na nikipitia rafu za thesisi ninazozijua mimi naona DDT, DDT, DDT, kama vile wakulima wa nchi hii bado wako kwenye enzi za bibi zetu.

Ukishaliona hili kwenye viazi utaliona kila mahali. Chukua mashine ya kupima metali, atomiki absopsheni, AAS, ile ya Alan Walsh wa Australia ya mwaka 1955, ndo farasi wa maabara zetu. Kila elementi ina taa yake. Unataka kupima risasi unaweka taa ya risasi, zinki taa ya zinki. Sasa taa inakufa hata ukiiacha kabatini, na bei yake inauma. Matokeo yake mada ya mwanafunzi inachaguliwa na kabati. Ukiona thesisi inapima risasi, kadimiamu, shaba na zinki kwenye mchicha wa mtoni usiulize sana kwanini hizo nne, nenda kafungue droo uone taa zilizobaki.

Na hapa kwetu kuna Chunya. Dhahabu ya Lupa inachimbwa tangu miaka ya 1920 na mpaka leo wachimbaji wadogo wanakamatia kwa zebaki, wanachoma, moshi unaenda, na marudio, yaani mchanga uliobaki, yanapelekwa kwenye mitambo ya sayanaidi. Ukiniuliza mi nipime nini Chunya nitakwambia zebaki, hata mtoto atakwambia zebaki. Lakini zebaki kwenye AAS ya kawaida ya moto ni shida, inataka kiambatisho cha kuivukiza ikiwa baridi, na ukitaka kujua ile mbaya zaidi, methili zebaki inayojikusanya kwenye samaki, hapo unahitaji kuitenganisha kwanza ndo upime. Miaka ya 1990 Ikingura wa UDSM, ambaye hata hivyo ni mjiolojia, alipima samaki na watu kule kanda ya Ziwa akishirikiana na Akagi wa taasisi ya Japani inayoshughulikia ugonjwa wa Minamata, ule wa sumu ya zebaki, na kazi zao bado zinatajwa dunia nzima. Swali lilikuwa letu. Uzoefu wa kulijibu ulikuwa Minamata, kwa watu ambao zebaki ilishawapitia nyumbani.

Kuna sababu ya kihistoria pia ya sisi kupima bila kuuliza, ambayo wenzangu hawapendi nikiisema. Kwenye idara zetu za kemia heshima ilikaa kwa watu wa mimea dawa. Wamefanya kazi, siwapunguzii, mtandao wa NAPRECA ulianzishwa mwaka 1984 ukaunganisha wanakemia wa mimea Afrika Mashariki na ya Kati kabla sisi wengine hatujajua kusoma. Yule anayegundua molekuli mpya kwenye mzizi ana kitu cha kuonyesha, ina jina, ina picha. Sisi wa analitiko tunaonekana kama wapimaji tu, mafundi mita, unaletewa chupa unaambiwa nipimie hii. Na kusema kweli hata mpimaji mwenyewe anaanza kuamini hivyo, anasahau kwamba kazi yake ni kuuliza hii namba naiamini kiasi gani. Nimeona jedwali lenye desimali nne kutoka kwenye mashine ambayo desimali ya pili ilikuwa inacheza kama ngoma.

Mahali nilipoona analitiko inaheshimiwa ni kwenye pareto. Nenda Mafinga. Ua la pareto linanunuliwa kwa sababu ya pairethrini iliyomo, ile inayoua wadudu, kwa hiyo mtu lazima apime, ukikausha vibaya au ukiliacha juani sana kiwango kinashuka na hela inashuka nayo. Mkulima ambaye hajawahi kuiona HPLC, mashine ya kutenganisha kemikali kwenye kimiminika, anajua kabisa kuna mashine inamwambia mnunuzi ua lake lina asilimia ngapi, na analalamika nayo kama anavyolalamika na mzani. Mtu akishalalamika na namba yako ujue namba yako ina kazi. Namba yangu ya DDT hakuna aliyelalamika nayo.

Kuhusu mashine zenyewe sitaki kulia sana, kila mtu anajua. Umeme ukikatika GC-MS, ile GC inayotambua molekuli kwa uzito wake, inapoteza vakyumu, yaani utupu wake wa ndani, ukirudi unasubiri masaa ndo uanze upya, ukikatika tena unaenda nyumbani. Mtungi wa gesi unatoka Dar. Standadi, zile ampuli ndogo za miligramu chache unazolinganishia sampuli zako, zinaagizwa nje na zinatakiwa kukaa baridi, mara moja za kwetu zilikaa kwenye makaratasi ya forodha mpaka tarehe yake ikapita, tukapokea barua ya kwenda kuchukua mzigo uliokwisha. Tukachukua. Tukazitumia kufundishia.

Ila kitu kinachoniuma kuliko mitungi ni teknishani. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi sanifu wa maabara, hakuwa na shahada, lakini alikuwa anapita kwenye korido anasikia sauti ya pampu anasema, "Hiyo inataka oili." Akifungua, kweli oili nyeusi. Alistaafu, tukamfanyia sherehe, tukampa godoro. Nafasi yake haikujazwa mpaka leo, na ndo maana mashine zetu zinakufa taratibu bila mtu kusikia. Mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho. Hakuna mahali popote kwenye fomu wanapouliza hii mashine uliifanya ifanye kazi miezi mingapi.

Sa hivi majengo yanapanda. Kuna mradi wa HEET, mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa 2021, vyuo vya umma vinajengewa maabara, MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia hapa Mbeya, wamo, UDSM wamo, na mi nafurahi, sipendi ule ugonjwa wa kununa kila kikija kitu kipya. Nina swali moja tu la kishangazi shangazi, mwaka wa tano mtungi wa gesi ya agoni utanunuliwa na nani? Nikiliuliza kwenye kikao watu wanaangalia saa.

Basi bwana. Nafundisha hapa hapa nyanda za juu. Kuna mwanafunzi alikuja ofisini anatafuta mada ya utafiti, anasema anataka kupima kitu cha wakulima wa kwao. Nikafungua mdomo na swali langu la kwanza likatoka lenyewe: "Droo ina taa gani?" Nilivyojisikia, nikanyamaza. Nikamwambia hebu achana na droo, nenda kijijini kwenu ukaingie stoo za watu kumi, uniletee majina ya kila kilichopo kwenye shelfu. Akarudi na daftari. Vitu vingi, vingine jina limefutika, lakini unga wa njano ulikuwa kila stoo. Kila stoo.

Tukaanza kutafuta njia, na hapo ndo nilipoona aibu, maana njia ipo na ni ya zamani, ya tangu miaka ya 1960, na haihitaji GC. Unachemsha sampuli na asidi na kloridi ya bati, gesi inayotoka unaipitisha kwanza kwenye mtego wa kunasa ile inayonuka mayai viza, alafu unaipitisha kwenye mchanganyiko wa asetati ya shaba na daiethanolamini, inageuka njano, unasoma kwenye spektrofotomita, mashine ya kupima ukali wa rangi, kwenye urefu wa wimbi wa nanomita 435. Spektrofotomita tunayo. Ilikuwepo muda wote, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanapimia rangi ya pamanganeti. Mashine iliyokuwa haiioni mankozebu ilikuwa ile ya Dar niliyopandia basi, hii ya hapa mlangoni ilikuwa inaiona tu ila hakuna aliyeiuliza. Najua njia hii ina mipaka yake, haikwambii ni dawa ipi ya kundi hilo, inakwambia jumla, na haishuki chini sana kama mashine za kisasa. Lakini inajibu swali la mzee.

Kufanya kwenyewe sasa! Kloridi ya bati tuliyoikuta kabatini ilikuwa imezeeka, ukiiyeyusha inakuwa maziwa. Daiethanolamini tuliazima. Gesi tulikuwa tunaivuta kwa pampu ya maji ya bombani, na siku ya kwanza maji yakakatika katikati, tukabaki tunaangaliana kwenye kabati la moshi. Ila siku ya tatu, tulipoweka mankozebu tunayoijua kiasi chake kwenye kiazi kilichosagwa, ile bomba ndogo ikaanza kuwa njano, kwanza kama maji ya limao, alafu kama chai ya mchaichai, yule kijana akaniita kwa sauti ya juu mpaka walinzi wakaja.

Kwenye ile mankozebu tuliyoiweka wenyewe tulirudisha asilimia 60 na kitu. Kanuni zinazotumika kwenye kazi za viuatilifu zinataka uanzie 70 usizidi 120, kwa hiyo haikubaliki, kuna mahali gesi inatutoroka, nadhani ni kwenye maungio ya kioo. Tunarudia. Tulijaribu na kabichi ambayo najua haikupigwa kitu, ikatoka njano vile vile, maana kabichi ina salfa zake yenyewe zinazotoa gesi hiyo hiyo. Na vitunguu pia. Nilivyosoma hilo nikamkumbuka yule mama wa Ruaha Mbuyuni, nikacheka peke yangu, kwa DDT kweli vitunguu vyake havikuwa na neno.

Ili kupata blanki safi, yaani kiazi kisicho na dawa kabisa cha kulinganishia, nikapanda viazi nyuma ya nyumba, matuta manne, nikaviacha vipambane na ukungu wenyewe bila dawa. Vingi vikafa. Vilivyobaki ni vidogo kama golori, vinatosha. Juzi yule mzee wa Isyonje kanipigia, bado ana namba yangu, kauliza ile ya njano tumeipata? Nikamwambia bado mzee, kwanza tunapima vya bustanini kwangu ambavyo havijapigwa dawa.

"Havijapigwa dawa?"

"Ndio."

"Sasa kama havijapigwa, unavipima nini tena mwanangu?"

Nikavuta kiti nikaanza kumweleza blanki ni nini, na kwanini bila hivyo vyangu hata vyake sitaviamini, nilikuwa nimefika katikati kabisa, salio lake likaisha.